Supu ya albóndigas, madonge ya nyama ya Kimeksiko

Changanya nusu kilo ya nyama ya kusaga, robo kikombe ya mchele mbichi, yai 1, mnanaa uliokatwakatwa, binzari nyembamba na chumvi. Usikande sana, nyama itakakamaa. Viringisha madonge yenye ukubwa wa ndimu.

Saga nyanya 3, nusu kitunguu na punje 2 za kitunguu saumu. Kaanga mpaka rangi ikolee, umimine lita 2 za supu ya nyama. Isubiri ichemke ndipo utumbukize madonge. Kwenye vuguvugu hayashiki, yanasambaratika. Kisha punguza moto, maana mchemko mkali nao huyavunja. Baada ya dakika 15 weka karoti na viazi, upike dakika 20 zaidi. Pasua donge moja: mchele ukiwa na kiini kigumu, ongeza muda. Giligilani na ndimu ni za mezani.