Namna ya kupanga miji mikubwa ya Ghana kwa idadi ya watu

Ukichukua matokeo ya sensa ya 2021 na kupanga majiji ya Ghana kama yalivyoandikwa kwenye jedwali, Kumasi itaongoza kwa watu wapatao 444,000, Tamale itafuata kwa 375,000, na Accra, mji mkuu, itakuwa ya tatu kwa 284,000. Orodha hiyo haifai kitu. Namba ni sahihi. Tatizo ni mipaka.

Mwaka 2010 halmashauri ya jiji la Accra ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.8. Baadaye ikamegwa ili ziundwe manispaa mpya: La Dade Kotopon mwaka 2012, kisha Ayawaso West, Okaikwei North na nyingine mwaka 2018, na Korle Klottey mwaka 2019. Kumasi nayo ilipoteza Asokore Mampong, halafu Oforikrom, Kwadaso, Suame, Old Tafo na Asokwa. Watu wamebaki palepale, ila wanaandikwa chini ya manispaa nyingine.

Kwa hiyo anza na jedwali la wilaya, ramani iwe kando. Jumlisha manispaa zote ambazo nyumba zake zimeungana na za jiji bila mashamba katikati. Tamale ni nyepesi: ongeza Sagnarigu, yenye kama 342,000, upate karibu 717,000, ingawa humo mna na vijiji kadhaa. Sekondi-Takoradi ni jiji moja tangu 1946, usiligawe, liongezee Effia-Kwesimintsim.

Accra ndiyo yenye kazi. Wengi hukata njia ya mkato wakachukua mkoa mzima wa Greater Accra, watu milioni 5.46. Hapo umebeba Ada na mashamba yake, na bado umeiacha Kasoa, ambayo iko mkoa wa Central japo wakazi wake wengi hufanya kazi Accra. Kosa hilohilo hutokea Kumasi: mkoa wa Ashanti una watu milioni 5.44, lakini ndani yake mna Obuasi, mji wa machimbo ya dhahabu unaojitegemea.

Tema nayo itakulazimisha uamue. Ina bandari na halmashauri yake, lakini nyumba zake zimeshikana na za Accra. Ukiihesabu peke yake, sema kama manispaa jirani za Ashaiman na Tema West zimo. Ukiiunganisha na Accra, iondoe kwenye orodha isihesabiwe mara mbili. Andika uamuzi huo juu ya jedwali, si chini kwa herufi ndogo.

Ukitaka kulinganisha na miaka ya nyuma, rudi 2010 ukajumlishe eneo lilelile, la sivyo utaandika kwamba Accra inakimbiwa na watu. Na kwa kuwa sensa zilifanyika 1984, 2000, 2010 na 2021, tafuta ongezeko la kila mwaka, maana vipindi hivyo havilingani.