Simu ya shangazi, tochi inayotaka majina ya watu, na setingi za kubadilisha leo

Juzi nilipita Makorora, hapa Tanga, kwa shangazi, hata shikamoo haijaisha ananipa simu, mwanangu hebu niangalizie, bando naweka asubuhi adhuhuri halipo. Naingia upande wa ruhusa nakuta aplikesheni ya tochi, tochi jamani, inasoma majina yote ya kwenye simu na inajua alipo muda wote. Nani kairuhusu? "Ilikuwa inauliza uliza, nikawa nabonyeza kubali ili iwake."

Basi fanya hivi, naongelea Android maana ndio wengi tunayo. Fungua Mipangilio, ingia Faragha, tafuta sehemu ya ruhusa (majina yanatofautiana simu na simu, usihangaike, andika tu ruhusa pale juu kwenye kutafuta). Anza na Mahali. Kila iliyopewa muda wote ishushe iwe wakati unaitumia tu. Kama simu yako ni Android 12 kwenda juu kuna na kitufe cha mahali hasa ulipo, kizime kwa zile za hali ya hewa, zitajua uko Tanga mjini na inatosha, zikishajua uko Ngamiani barabara ya ngapi zinataka kukuletea chai?

Halafu Anwani, yaani yale majina. Hapa ndipo watu wanalizwa. Jirani yangu alikopa elfu hamsini kwenye aplikesheni ya mikopo, kachelewa siku mbili, meseji zikaenda kwa fundi baiskeli wake, kwa bosi, mpaka kwa mkwewe. Mkwe! Alihama njia ya kwenda sokoni wiki nzima. Google walishazikataza aplikesheni za mikopo za Play Store kugusa majina na picha tangu Mei 2023, kwa hiyo ukiona unatumiwa linki upakue kutoka pembeni jiulize kwa nini, na Benki Kuu ya Tanzania (BoT) Novemba 2024 walitaja aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Ujue pia kuzima ruhusa leo hakurudishi majina yaliyokwisha chukuliwa. Hapo unakwenda kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ipo, ni ya 2022 na imeanza kazi Mei 2023.

Sasa Google wenyewe. Watu wanazima historia ya maeneo (siku hizi inaitwa Timeline) wanalala usingizi, kumbe swichi ziko mbili, na ile ya pili, Shughuli kwenye Wavuti na Programu, nayo ilikuwa inaweka ulikopita. Hili liliibuliwa 2018, na Novemba 2022 Google wakakubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5. Kwa hiyo nenda myactivity.google.com uziangalie zote mbili. Kama hutaki kuzima kabisa weka zijifute zenyewe, unachagua miezi 3, 18 au 36, mi nilimwekea shangazi mitatu. Historia ya YouTube nikaiacha, ukiizima taarab zake hazitamfuata tena na mimi sitaki ugomvi.

Matangazo: Mipangilio, Google, Matangazo, futa kitambulisho cha matangazo. Hayataisha, ila ile namba ya kukuunganisha huku na kule haipo tena. Wa iPhone ingieni Faragha kisha Ufuatiliaji, mzime aplikesheni zisiombe kuwafuatilia, kitufe hicho kipo tangu 2021.

WhatsApp meseji zinafungwa njiani, wewe na unayeongea naye tu ndio mnazisoma, lakini nakala (backup) inayohifadhiwa Google Drive haifungwi hivyo mpaka uwashe ulinzi huo mwenyewe kwenye setingi za nakala. Ukisahau nywila yake hata WhatsApp hawawezi kukufungulia. Shangazi kaiandika kwenye daftari la upatu, nikanyamaza, maana daftari lile haliguswi na mtu.

Na bando? Video za magrupu zilikuwa zinajipakua zenyewe, nikazima, dakika moja. Kisha nikafuta ile tochi, nikamwonyesha kuvuta kidole toka juu ya kioo, tochi ya simu yenyewe ipo pale siku zote. Ikawaka. Akaiangalia, akaniangalia, "Sasa ile nyingine nilikuwa naifuga ya nini?"