Ukisafiri nyika kavu za Nevada, usilale kando ya maji

Wenzangu mnaoishi Marekani na mnapenda kuendesha gari hadi nyanda za juu za Nevada: mkikuta chemchemi au hori la ng'ombe, chukueni maji mnayohitaji kisha mkapige hema mbali. Sheria ya jimbo inakataza kupiga kambi ndani ya yadi 100, yaani kama mita 90, kutoka kwenye maji kwa namna inayozuia mifugo au wanyamapori kufikia maji. Ina sababu nzito. Kwenye joto ng'ombe mmoja hunywa lita 50 au zaidi kwa siku, na chemchemi inayofuata inaweza kuwa mbali sana. Akiona hema na moto, atasimama pembeni na kiu yake.

Hori lenyewe msiliguse. Lile boya linalofunga maji likijaa, na ule wavu uliowekwa kwa mteremko ndani yake ili ndege na wanyama wadogo waliotumbukia wapande kutoka, viacheni vilivyo. Geti nalo liacheni mlivyolikuta, liwe wazi au limefungwa. Huenda mfugaji ameliacha wazi makusudi ili ng'ombe wafike majini.

Na msitegemee chemchemi iliyo kwenye ramani, kwani kufikia Agosti nyingi huwa zimekauka, na nyingine maji yake ni ya magadi. Bebeni angalau lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku moja zaidi.