Jinsi ya Kujua Idadi ya Watu wa Kitongoji Kidogo katika Nyanda za Kanada

Anayetafuta idadi ya watu wa kitongoji kidogo cha Alberta au Saskatchewan, majimbo ya Kanada, aanze na mpaka kabla ya tarakimu. Kwa kawaida kitongoji cha aina hii ni sehemu ya manispaa ya vijijini, na wakazi wake huenda wakahesabiwa humo bila kutajwa peke yao. Sheria ya Alberta hutaka makazi matano au zaidi, jina na mpaka vinavyokubalika, pamoja na viwanja vya shughuli zisizo za makazi. Udogo si sharti, maana hata Sherwood Park, yenye watu zaidi ya 70,000, ni kitongoji kisheria.

Fungua matokeo ya sensa ya 2021 ya Statistics Canada, shirika la takwimu la nchi hiyo, ulitafute jina la kitongoji. Usipoliona, soma takwimu za manispaa yake, wala usizigawanye kwa kukisia. Ukiliona, linganisha na 2016 na 2011, mradi uhakikishe kwamba mpaka haukubadilishwa. Asilimia hapa hupotosha sana: familia ya watu watano ikihama mahali penye watu ishirini, jedwali litaonyesha anguko la asilimia 25, ilhali kilichotokea ni lori moja la vyombo kuondoka.

Safu ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote, ni ya nyumba. Sensa hutofautisha jumla ya nyumba na zile zinazokaliwa na wakazi wa kawaida; kwa mfano, zikiwa kumi na mbili na zinazokaliwa hivyo ni saba, inakubidi uulize kama tano zilizobaki ni tupu au ni za watu wanaokuja kwa msimu tu. Umri na kipato usivitegemee sana, kwa kuwa maelezo ya maeneo yenye watu chini ya 40 hufichwa ili kulinda siri zao, na kwingineko hesabu hupandishwa au hushushwa ziishie na 0 au 5.

Kwa miaka ya zamani, karatasi za sensa hufunguliwa baada ya miaka 92, na zile za 1931 zilitolewa mwaka 2023. Manitoba, Saskatchewan na Alberta zilikuwa pia na sensa zao za 1906, 1916 na 1926. Humo usitafute jina la kitongoji pekee, kwani familia nyingi ziliandikwa kwa namba za ardhi, iliyopimwa kwa miraba ya maili sita kwa sita yenye vipande 36 kila mmoja. Tafuta kwenye ramani vipande vinavyokizunguka kitongoji, kisha uhesabu majina mstari kwa mstari, ukitenga wakulima waliokuja kuchukua barua tu posta, na kila jumla uiandikie mwaka wake na mpaka ulioutumia.