Kabla hujaingia zamu kwenye makazi ya wazee

Babu akikunyooshea mkono akakusalimia "mbukwenyi", huwezi kuuacha hewani. Kwetu Ugogoni huko ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo mikono inanawiwa kabla ya salamu. Hapo ndipo ninapoanzia kila nikimwelekeza mhudumu mpya, kwa sababu mzee asiyetoka kitandani haendi kuutafuta ugonjwa. Sisi ndio tunaompelekea.

Dodoma maandalizi yanaanza na maji. Kiangazi chetu ni kirefu, karibu Mei hadi Novemba, na bomba likikauka mhudumu mwenye ndoo moja hushawishika kuwaogesha wazee wawili kwa maji yale yale. Hakikisha mapema kwamba pipa limejaa na limefunikwa, na kwamba ndoo ya koki na sabuni zipo karibu na vitanda, si jikoni tu. Kunawa ni sekunde 40 hadi 60: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, dole gumba, ncha za kucha. Pete vua, kucha kata. Usijifutie kanga uliyojifunga kiunoni. Imeshafuta mengi tangu alfajiri.

Glavu nazo zinadanganya. Nilimwona dada mmoja, mchapakazi kweli, akimbadilisha bibi nepi, kisha kwa glavu zile zile akamshikia bibi wa kitanda cha pili kikombe cha uji. Yeye alikuwa amejikinga. Bibi wa pili hakukingwa na yeyote. Glavu ni za mzee mmoja kwa kazi moja, na ukizivua unanawa tena.

Kila mzee awe na kitambaa chake cha uso chenye alama yake. Wanaoijua Kongwa, wilaya ya hapa Dodoma, wanajua vikope (trakoma, ugonjwa wa macho) vilivyowatesa watu huko: vinasambaa kwa vidole, kwa nguo ya kufutia uso na kwa nzi wanaotua machoni. Dawa ya klorini ya asilimia 3.5 ichanganywe kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, kila siku upya, isubiri damu, matapishi au kinyesi kitakachomwagika. Upele ukionekana kwa mmoja, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo, maana wanaolala chumba kimoja hutibiwa kwa wakati mmoja, na mashuka yao yote hufuliwa wakati huo. Mtu akikohoa wiki mbili, apimwe kifua kikuu.

Na wewe je? Ukiwa na mafua au unaharisha, usije. Kwa kuharisha subiri saa 48 baada ya kukoma. Hapa nawasihi wasimamizi: pangeni mtu wa akiba, wala msikate ujira wa anayeumwa. Mwenye watoto wanaomsubiri akijua kuumwa ni kukosa hela, atakuja hivyo hivyo, akikohoa ndani ya barakoa.

Mwisho, usimruhusu wa zamu iliyopita aondoke kabla hujamuuliza nani amebadilika. Mzee anaweza kuwa na maambukizi ya mkojo au ya mapafu asichemke mwili hata kidogo. Ila bibi aliyekutania jana, leo anakuita kwa jina la marehemu dada yake, uji hajaugusa, na akisimama anayumba. Usiseme ni uzee. Mwite muuguzi sasa hivi.