Umeongeza podi za SMF lakini moja tu ndo inafanya kazi? Rekebisha hivi

Hii imeninyima usingizi sana. SMF ndo sehemu ya kore (mtandao wa ndani) ya 5G inayosimamia sesheni za data za simu, na podi ni nakala zake zinazoendeshwa na Kubernetes. Unatoa SMF kwenye podi mbili unaweka sita, unafungua dashibodi unakuta podi moja imejaa pomoni na zingine zimekaa tu, alafu watu wote wanaanza kulaumu SMF. Haina kosa jamani.

Hatua 1: hesabu koneksheni. Ingia kwenye kila podi ya SMF, piga `ss -tn`, linganisha. Kwenye kore ya 5G AMF (inayosajili simu mtandaoni), SMF, UDM (inayotunza taarifa za wateja) na wenzao wanaongea kwa HTTP/2, na HTTP/2 inafungua koneksheni moja ya TCP inapitisha marikwesti kibao humohumo bila kuifunga, sasa kube-proxy (kipande cha Kubernetes kinachogawa koneksheni) yenyewe inachagua podi pale koneksheni inapofunguliwa tu, baada ya hapo kila rikwesti inaenda podi ileile hata uongeze podi mia.

Hatua 2: gawa rikwesti, sio koneksheni. Weka proksi inayoielewa HTTP/2 kama Envoy, au SCP (proksi ya kore ya 5G yenyewe) kama kore yako ni ya Release 16 ya viwango vya 3GPP kwenda mbele. Usipotaka proksi, weka `clusterIP: None` kwenye Service (anwani ya pamoja ya podi zote) ili AMF ione anwani za podi zote, ila hapo lazima AMF yenyewe ijue kuzigawia kazi. Ukitumia Istio (mfumo wa kusimamia trafiki kati ya podi) taja wazi kwamba poti ni `http2`, usiiache ikisie. Mi napendelea LEAST_REQUEST (podi yenye rikwesti chache ndo inapewa) kuliko zamu kwa zamu, maana kufungua sesheni ya PDU (muunganisho wa data wa simu) ni kazi nzito kuliko rikwesti zingine nyingi.

N2 (kati ya minara na AMF) na N4 (kati ya SMF na UPF inayopitisha data) hazihusiki hapa. N2 ni SCTP poti 38412 na N4 ni UDP poti 8805, proksi ya HTTP haiwezi kuzigawa.

Hatua 3: kagua NRF (daftari ambalo kila sehemu ya kore inajisajili). Hapa ndo wengi wanaanguka. Kilichoandikwa kwenye profaili ya NRF ndo AMF inafuata, kwahiyo kama SMF imejisajili kwa IP ya podi, rikwesti zinaenda moja kwa moja kwa podi na Service yako uliyoihangaikia inarukwa kabisa. Uliza mwenyewe:

`curl --http2-prior-knowledge "http://nrf:8000/nnrf-disc/v1/nf-instances?target-nf-type=SMF&requester-nf-type=AMF"`

(weka jina na poti ya NRF yako). Angalia `priority`: namba ndogo ndo inatangulia, 1 inaishinda 100, nimeshaona bakapu inabeba trafiki yote kwa sababu mtu alidhani kinyume. Zikilingana, `capacity` ndo inaamua nani apewe nyingi.

Hatua 4: kurudia. Ukipata 503 (podi haiwezi kuhudumia kwa sasa) unaweza kujaribu podi nyingine, kama kuna Retry-After iheshimu. Ila POST ya kufungua sesheni iliyokatika katikati usiirudie kibubusa, utaishia na sesheni mbili za simu moja.

Hatua 5: kuzima podi. Kubernetes inakupa sekunde 30 za kuzima (`terminationGracePeriodSeconds`) usipobadilisha. Kwenye preStop (kazi inayofanyika kabla podi haijazimwa) anza kuitoa SMF kwenye NRF, subiri, kisha tuma GOAWAY (ujumbe wa HTTP/2 wa kusema usinitumie rikwesti mpya), malizia rikwesti zilizobaki ndo uzime. Kusubiri kwenyewe kunategemea `validityPeriod` ya majibu ya NRF (muda ambao AMF inaweza kuyatunza), ikiwa ni sekunde 300 basi AMF inaweza kuendelea kuikumbuka SMF iliyokwisha kufa, kwahiyo punguza hiyo au ongeza terminationGracePeriodSeconds.

Alafu ua podi moja trafiki ikiwa juu, rudi hatua ya 1 uhesabu tena.