Somo: Pai za Nyama za Kuoka Zisizolowa Chini

Wapendwa, somo hili nimeombwa mara nyingi, na leo nimepata nafasi ya kulikalia. Ni pai za nusu mwezi, zile zinazopendeza kwenye sinia la futari na zinazobebeka kwenye mkoba wa mtoto wa shule. Wengi huniambia unga ndio unaowashinda. Unga una makosa yake, nayo nitayataja, lakini pai nyingi nilizoziona zimeharibika ziliharibikia kwenye nyama: imetiwa ikiwa na majimaji, au imetiwa ya moto. Kwa hiyo tunaanza na nyama, na hapo nitakaa kidogo.

Mahitaji ya nyama
Nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo, vitunguu maji 2 vikubwa vilivyokatwa vidogo vidogo, kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa kijiko 1 cha chakula, bizari nyembamba ya unga kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, mdalasini kidogo sana, chumvi, ndimu 1, kotmiri fungu dogo, pilipili mbichi ukipenda, na kiazi 1 kidogo kilichochemshwa.

Mahitaji ya unga
Unga wa ngano mweupe nusu kilo, siagi gramu 250 iliyotoka kwenye friji, chumvi kijiko 1 cha chai, maji ya barafu kiasi cha nusu kikombe. Na yai 1 la kupaka juu. Utapata karibu pai 20.

Hatua ya kwanza: nyama
Mwambie mwenye bucha akusagie steki au paja lenye mafuta kidogo. Nyama yenye mafuta mengi itayatoa yote ndani ya pai wakati wa kuoka.

Bandika sufuria pana, si ndefu, ili mvuke upate pa kutokea. Tia nyama pamoja na chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, bila mafuta na bila maji. Usifunike. Iponde kwa mwiko tangu mwanzo, maana ikishika madonge hayaachani tena. Itatoa maji yake, iache ijichemshe.

Sasa sikiliza sufuria. Maji yakiwemo utasikia mtokoto mzito. Yakianza kuisha sauti hubadilika, inakuwa kavu na kali, kama kitu kinachokaangwa. Hapo ndipo watu wengi huepua, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Tia vitunguu, bizari, pilipili manga na mdalasini, endelea kugeuza kwa moto wa wastani dakika 8 hadi 10. Vitunguu navyo vina maji, lazima uyamalize. Kujua kama imekauka, isogeze nyama upande mmoja na uinamishe sufuria. Kikichuruzika kitu cheupe chenye ukungu, bado ni maji. Kikiwa ni mafuta safi yanayong'aa, tena machache, imekuwa tayari. Kamulia ndimu, acha ikauke tena kidogo.

Kiazi kiponde ukichanganye humo. Hakiwekwi kuongeza wingi. Kazi yake ni kunyonya unyevu wowote uliobaki na kuishikanisha nyama isimwagike mtu akiuma. Kotmiri na pilipili mbichi zitie ukishaepua.

Halafu mwaga nyama kwenye sinia, itandaze, iache ipoe kabisa. Ukiigusa na mgongo wa kidole usisikie joto hata kidogo. Ikishapoa tu iingize kwenye friji, isilale mezani saa nyingi.

Nalisisitiza hili kwa sababu limenikuta. Nilipikia khitma ya nyumbani kwetu pai 60, muda ukanibana, nikajaza nyama ikiwa bado vuguvugu. Siagi iliyeyuka ndani ya unga kabla pai hazijafika kwenye oveni. Juu zilipendeza, chini zilikuwa zimelowa na kunata. Niliona sahani zinarudi, wageni wamekula vifuniko na kuacha matako ya pai yote. Iliniuma mpaka leo, na tangu siku hiyo nyama naipika usiku, pai nazioka asubuhi.

Hatua ya pili: unga
Kata siagi vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi, tia kwenye unga wenye chumvi, sugua kwa ncha za vidole haraka haraka. Usitumie viganja, vina joto. Usisugue mpaka siagi ipotee. Tunataka vibaki vipande vidogo vinavyoonekana, kwa sababu vikiingia kwenye moto maji yaliyomo ndani ya siagi hugeuka mvuke na kuinua unga, ndipo pai inapata matabaka.

Nyunyiza maji ya barafu vijiko viwili viwili, ukikusanya unga kwa uma. Ukibana kwa mkono ukashikana, acha maji hapo hapo. Huu si unga wa chapati, haukandwi. Ukiukanda utavutika, utarudi nyuma ukisukuma, na pai itakuwa ngumu. Ubonyeze uwe donge bapa, funika, weka kwenye friji nusu saa.

Hatua ya tatu: kusukuma na kujaza
Gawa donge mara mbili, moja libaki kwenye friji. Sukuma unene wa milimita 3 hivi. Kata duara kwa kisahani cha chai au mfuniko wa kopo wenye upana wa sentimita 12. Weka nyama vijiko viwili vya chakula katikati, pakaza ukingo ute wa yai kwa kidole, kunja, toa hewa kwa kubonyeza kuanzia kwenye nyama kwenda nje, kisha bana kwa uma. Toboa juu mara mbili kwa ncha ya kisu.

Zipange kwenye trei uliyoitandika karatasi ya kuokea, zirudishe kwenye friji dakika 15. Usiruke hatua hii.

Hatua ya nne: kuoka
Washa oveni mapema, nyuzi 200 za Selsiasi. Mimi huweka trei tupu ndani ili ishike moto, halafu pai nazitelezesha juu yake zikiwa na karatasi yake. Chini hupata moto papo hapo. Paka kiini cha yai kilichochanganywa na kijiko cha maziwa. Oka dakika 25 hadi 30. Inua moja uitazame chini: iwe na rangi ya kahawia, na ukiigonga kwa ukucha isikike kavu. Zipoze juu ya wavu, zikikaa kwenye trei zitatoa jasho.

Wasio na oveni, mkaa unatosha kabisa. Sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, funika, ipate moto dakika 15. Weka pai kwenye trei ndogo juu ya mchanga, funika kwa mfuniko bapa na upalie makaa juu. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Usifunue kila mara, kila ukifunua unapoteza joto lote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, ahsante kwa somo. Huku kwetu siagi ni ghali, naweza kutumia samli au majarini?
Jibu: Unaweza, mpenzi. Samli haina maji, kwa hiyo chukua gramu 200 badala ya 250, igandishe iwe ngumu, na utahitaji maji kidogo zaidi kwenye unga. Pai itakuwa laini ya kumung'unyika kuliko ya matabaka, na ina harufu nzuri sana. Majarini chagua ya kuokea, iliyo ngumu. Ile laini ya kupaka mkate ina maji mengi, unga utalegea.

Swali: Mimi niko Maskati. Jikoni joto ni kali, siagi inayeyuka kabla sijamaliza kusugua. Nifanyeje, dada?
Jibu: Weka kwenye friza unga wenyewe, bakuli na siagi, vyote kwa nusu saa. Siagi usiikate, ikwaruze kwenye kikwaruzio cha karoti moja kwa moja juu ya unga, uchanganye kwa uma, hutaigusa kabisa. Ukiona unga unaanza kung'aa, acha, urudishe kwenye baridi dakika 10. Afadhali ufanye kazi hii alfajiri.

Swali: Za kwangu zinafunguka zikiwa kwenye oveni, nyama inatoka pembeni. Nabana kwa uma kama ulivyosema.
Jibu: Mambo mawili. Unajaza kupita kiasi, au ukingo umeingia mafuta ya nyama, na unga wenye mafuta haushikani hata ubane vipi. Futa vidole kabla ya kufunga. Na matundu ya juu usiyasahau, mvuke usipopata njia utajitafutia.

Swali: Shangazi yangu anayeishi Uingereza anasema huko wanatia nyama mbichi. Ni kweli, au anakosea?
Jibu: Hakosei. Hizo ni Cornish pasty za Cornwall, chakula kilichosifika kwa wachimba madini wa huko, na jina hilo linalindwa kisheria Ulaya tangu 2011. Nyama, viazi, kitunguu na aina ya tanipu vyote huingia vikiwa vibichi. Lakini tazama tofauti: nyama yao hukatwa vipande au kusagwa kubwa kubwa, unga wao ni mgumu zaidi, na huokwa polepole karibu saa nzima. Ukitia mbichi kwenye unga huu wetu wa siagi nyingi kwa dakika 25, chini italowa na nyama huenda isiive. Msalimie shangazi, mwambie njia zote mbili zina heshima yake.

Swali: Nataka kutengeneza nyingi kabla ya Ramadhani. Nigandishe zikiwa zimeokwa au mbichi?
Jibu: Mbichi, na usizipake yai. Zigandishe kwanza kwenye trei zikiwa zimeachana, zikishakuwa ngumu kama mawe ndipo uzitie kwenye mifuko na kutoa hewa. Miezi miwili zitakaa bila kubadilika ladha. Siku ya kuoka usiziyeyushe, zikiyeyuka unga unalowa. Zitoe kwenye friza, paka yai, ziingie kwenye oveni moja kwa moja, uongeze dakika 8 hadi 10. Kabla ya kuzipanga kwenye sinia vunja moja katikati, uhakikishe nyama ya ndani inatoa mvuke.